Bulusi Nyeupe ya Mwalimu wa Reakta

Kabla ya kuingia mu atelier yangu ya kushona, Mwalimu alikuwa anasimama ku mulango na kusema kile anataka kufanya. Mama mushonaji, ninaingia, ninaikala ku kiti cha pembeni ya dirisha. Kisha anangojea. Mvua inaweza kuwa inamunyeshea mabega, eko tu pale, kofia mu mukono, mupaka mimi niseme: Mwalimu anaingia, anaikala ku kiti cha pembeni ya dirisha. Saa ile njo anavuka mulango na kuikala ku kile kiti, hapana kingine.

Mwanzoni nilizania ni kichwa yake inaanza kupotea. Kisha nikazania ni majivuno. Sasa ninaandika haya, na siko hakika kama ni mimi nilifaa kuyaandika, juu masomo yangu yaliishia ku mwaka wa pili wa secondaire na mambo ya atome ninayajua tu kwa kinywa chake. Donc pale utaona kosa, uweke kosa ku mushonaji, usiiweke ku Mwalimu.

Alitumikaka ku reakta ya Kinshasa, ile ya ku kilima cha université, ya kwanza mu Afrika yote. Alikuwa opérateur, maana yake mutu wa kuikala mbele ya mashini na kuiongoza. Wakati ilizimishwa alirudi huku Butembo, akafundisha fizike mupaka retraite, wakati wa kupumzika kazi. Quartier nzima ilimuita Mwalimu wa Reakta, na bengine balisema vile kwa heshima, bengine kwa kucheka, na yeye aliitika bote sawasawa.

Alinielezea ile mambo ya ku mulango siku moja yenye nilikasirika na kumuacha mu mvua. Mbele ya reakta, alisema, hakuna mutu anagusa kitu peke yake. Kule ndani kuko vyuma vyenye vinazuia moto wa atome. Ukivipandisha, moto unaongezeka; ukivishusha, unalala. Sasa mumoja anasema: ninapandisha chuma cha kwanza. Mwenzake anarudilia: unapandisha chuma cha kwanza. Pale tu njo mukono unatembea. Aliita ile kazi kurudilia. Alisema ni kwa kurudilia batu benye miili laini kama yetu banaweza kuikala karibu na moto wa namna ile miaka mingi, na kila jioni barudi kula fufu na bibi zao.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Bibi yake akitia chumvi mu maharagi, anasema: Papa, ninatia chumvi. Yeye kule ku kiti, na kitabu chake: Mama anatia chumvi. Ule mama alikuwa mutu wa mizaha. Alinihadisia ku robinet ya maji kama siku moja alisema ninatia chumvi, akarudia ninatia chumvi, akarudia tena, na mara zote Papa anarudilia bila kuinua macho. Ile maharagi hata mbuzi angeikataa. Mwalimu aliikula yote, kimya, mupaka sahani ikawa tupu. Kisha akasema: "Sawa, Mama. Nilirudilia, mais sikusikia." Tangu ile siku, mama alisema, alikuwa mukali zaidi na banafunzi bake.

Kuko vitu juu yake vyenye havikuwa vinalingana, na nitavisema vyote, juu ninaogopa kumupaka sukari.

Mutu wa atome, mais nyumba yake haikuwa na courant ya umeme. Boutiquier mumoja mukubwa, mutu wa duka, alijenga turbine ndogo ku mutoni, chini ya miti ya eucalyptus, akaanza kulisha quartier yetu umeme. Siye bote tulivuta waya. Mwalimu alikataa. Aliendaka kuangalia ile turbine, akaona kuko mutu mumoja tu wa kuichunga, akarudi na kuwasha taa yake ya petroli. Mutu mumoja hana wa kumurudilia, alisema, na mimi siwezi kulala chini ya taa ya ampuli ya mutu mumoja. Basi vijana ba moto-taxi, akipita, balikuwa banamuuliza kama leo atome imekatika. Yeye anabajibu bila kusimama: "Haikukatika. Inangojea mukomae."

Mimi pia nilimuuliza, na hapana kwa kuchokoza, kama ile reakta yake iliwashaka nyumba ngapi za Kinshasa. Nilingojea aseme muji muzima. Alisema hata ampuli moja. Ilikuwa ya kujifunza, na ya kutengeneza dawa za hospitali, na ya kuchunguza udongo na mawe. Hakuona haya kusema vile. Mutoto, alisema, hajifunzi kuendesha na kamyo ya kubeba mbao, anaanza na kinga, ile baisikeli, na siye tulipanda kinga wakati inchi zingine za Afrika zilikuwa bado zinatembea na miguu. Tulianguka, tutapanda tena, kisha itakuja kamyo. Alisema itakuja vile mutu anasema mvua ya mwezi wa tisa itakuja. Mawe ya uranium yalitoka huku kwetu, ku Katanga, bengine bakayageuza bombe. Sasa iko zamu yetu kuyageuza umeme. Sikumusikia hata siku moja anasema "kama". Alisema tu "wakati".

Nilimuuliza tena, juu inafaa kuuliza: inchi yenye bado iko na vita, yenye mama anaogopa kuenda shamba, itachunga atome namna gani? Alisema kama wakati wa vurugu kule Kinshasa, basoda balipita, bakubwa balikimbia, na baopérateur balilala ndani pamoja na mashini yao juu hakuna mutu mwingine alijua kuichunga. Ile njo jibu lake. Mais alisema pia, na mimi niliiweka mu kichwa, kama hangekubali bajenge reakta ya umeme karibu na Beni leo. Kwanza bajenge kule penye batu banalala na amani. Donc hakuwa kipofu. Bale banasema alikuwa na wazimu wa atome hawakumungojea amalize kusema.

Wakati Ebola ilianzia ku Mangina, ikafika Beni, kisha ikapanda mupaka huku, Mwalimu alizunguka lupango kwa lupango, nyumba kwa nyumba, kufundisha batu kuvua gant za mikono. Ku reakta balimufundishaka kuogopa uchafu wenye hauonekani, alisema, na hii ni ndugu yake. Unashika gant ya kwanza kwa nje, unaivua kwa kuigeuza. Ya pili unaingiza kidole ndani, unaigeuza pia. Nje ya gant haigusi ngozi. Tunarudilia bote: nje ya gant haigusi ngozi. Mu lupango letu kulikuwa mzee mumoja, alirudilia kwa sauti nzuri kama eko ku misa, kisha akajikuna pua na ile gant. Tulicheka mupaka machozi. Mwalimu hakucheka. Alimuangalia ule mzee kama mutu anaangalia ukuta wa nyumba yake unapasuka.

Bengine balisema anakula makuta, zile pesa za Riposte, kazi ya kupiganisha Ebola, na mara moja balirusha mawe ku mabati yake. Ninabajua. Hawakuwa batu babaya. Balikuwa balizika mama yao bila ruhusa ya kumushika. Mwalimu pia alijua, juu kesho yake alienda kwao kwanza, na sanduku yake ya gant, akasimama ku mulango na kusema kile anakuja kufanya. Balimurudilia. Aliingia.

Nilikawia kuelewa nini ilikuwa inamusumbua. Nilielewa siku moja alinipa kitambaa cha suruali, akasema: Mama mushonaji, muguu wa kuume unaukata kawaida, wa kushoto unaufupisha kiganja kizima. Nilirudilia yote, nikachora na chaki, nikashika makasi. Alinishika mukono.

"Ulijua ni mubaya," alisema.

"Nilijua, Mwalimu."

"Na ungekata."

Nilimuambia nilizania labda muguu wake uko na ugonjwa, sikutaka kumupatisha haya. Aliikala ku kiti chake. Alisema Bazungu benye balimufundisha balileta kurudilia ku batu benye banaweza kumuambia chef wao unakosea. Siye tuliipokea, tukaiweka heshima juu. Kwetu mukubwa anasema, mudogo anaitika. Anaitika hata akiona shimo mbele. Basi kurudilia kwetu ni kama majibu ya misa: sauti ni nzuri, masikio yamefungwa. Alisema: "Mama, courant haitatuua. Heshima yetu njo itatuua."

Sijui kama alisema kweli kabisa. Mimi nililelewa na ile heshima na siioni mubaya. Mais sikuweza kumujibu, na labda ile pia ilikuwa heshima.

Tangu pale nilianza kumuona. Alikuwa anatupa amri za uongo fasi yote, kama mutu anatupa ndoano. Ku masomo alibaambia banafunzi bafunge waya fasi mubaya, bao banarudilia na kufunga, anazima na kuanza upya. Alimuambia katekista apige kengele ya misa mbele ya saa. Katekista akapiga, na bamama bakakimbia na nywele hazijachanwa. Hakuna mutu alimukatalia. Wakati mwingine tulijua eko anatujaribu na tuliitika tu, juu kukataa mbele ya batu kulikuwa kubaya zaidi kuliko kukosea.

Masika naye aliitika. Masika alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, binti ya mama mumoja wa kuuzisha maharagi ku soko, mwenye alisoma fizike mupaka université. Alipomaliza, alirudi akapata kazi ku ile turbine ya mutoni, juu boutiquier alichoka kusikia Mwalimu anasema ku kila kilio na ndoa kama kuko mutu mumoja tu. Siku Masika alianza, Mwalimu alivuta waya. Ampuli moja, ku meza ya kusomea. Ule mutoto alimupenda kama binti yake. Kila posho, maana yake kila juma, alimujaribu, na kila posho Masika anarudilia na sauti yake ya chini, na Mwalimu anasema bado.

Ile "bado" haikuwa na uzito mupaka mwaka uliopita, wakati habari ilifika kutoka Kinshasa. Bakubwa balikuwa banataka kuamusha reakta, na kuandaa batu ba zile za umeme zenye zitafuata. Baliita baopérateur ba zamani. Mwenye anaweza kuja, akuje kufundisha. Mwenye hawezi, atume kijana mumoja mwenye yeye mwenyewe atamusimamia, akisema: huyu, mukimuweka mbele ya mashini, ni kama mumeniweka mimi.

Mwalimu aliteremuka Beni kumuona munganga wa moyo. Alirudi na msafara wa magari wenye basoda banasindikiza, akapita mbele ya atelier bila kusimama. Bibi yake njo aliniambia: hakuna ndege, hakuna barabara ndefu, moyo hautaweza. Ile hamu yote ya miaka ile yote, na mulango ulipofunguka, miguu hapana.

Donc ilibakia kijana mumoja, na kijana alikuwa Masika ao hakuna. Jibu ilitakiwa mbele ya mwisho wa mvua. Na Mwalimu alisema bado.

Masika alikuja kwangu, akaikala ku kiti cha dirisha bila kutangaza, nikaona kuko kitu kinamusumbua. Alisema: "Anataka nimukatalie. Mama, namna gani? Ni yeye alinionyesha atome ni nini. Nikifungua kinywa niseme hapana, ulimi unalala."

Nilimuambia asiogope, kuko siku ulimi utaamuka.

Siku yenyewe nilikuwa kule ku mutoni, juu boutiquier aliniita kupima basalopette, nguo za kazi za batumishi bake. Mvua kubwa ilikuwa ilinyesha, mutoni ulikuwa mwekundu, na majani ya eucalyptus yalikuwa yameziba turbine. Balifunga maji. Fundi, kijana wa mwili mufupi, aliingia mu shimo, kichwa na mikono yote miwili ndani ya gurudumu, anatosha majani. Masika alikuwa ku vanne, ile chuma ya kuzungusha yenye inafungua na kufunga maji. Mimi nilikuwa ningali ninapima mabega ya mulinzi.

Mwalimu alifika, anapumua kwa nguvu sababu ya kuteremuka mulima. Alimusalimia boutiquier kwa Kinande, akaangalia mashini, akaona imesimama na inangara. Akasema: "Masika, fungua maji."

Tuligeuka bote kungojea sauti ya Masika. Hakurudilia. Alisema: "Hapana, Mwalimu."

Alisema chini sana, na kelele ya mutoni ilikuwa kubwa, mais tulisikia bote. Boutiquier alijikohoza. Mulinzi niliyekuwa ninamupima alikaza mabega mupaka centimètre yangu ya kupimia ikanitoka. Mwalimu akasema tena, sasa na ile sauti ya ku darasa: "Masika. Fungua maji."

Masika aliachilia chuma, akaweka mikono nyuma ya mugongo. "Hapana. Mutu eko ndani."

Fundi akatokea mu shimo na majani mu ndevu, akiuliza nani anamuita. Mwalimu alimuangalia muda murefu, hasa mikono yake. Kisha akavaa kofia na kupanda mulima, pole pole, anasimama kila fasi kama mutu anatafuta kitu chini.

Jioni ile quartier yote ilijua. Balisema: umeona Mwalimu, ni mujanja, alimujaribu mara ya mwisho, njo maana hata fundi hakuogopa. Vijana ba moto-taxi balianza kuambiana "hapana, Mwalimu" wakati mwenzao anataka kupita mbele yao ku parking. Mimi pia nilisema alimujaribu. Nilisema na furaha, na nilikuwa ninakosea.

Alikuja atelier posho iliyofuata, na ile njo mara ya mwisho alifika kwangu na miguu yake. Alikuwa na kifurushi cha gazeti. Alisimama ku mulango. "Mama mushonaji, ninaingia, ninaikala ku kiti cha dirisha, ninakupatia kazi moja." Nilirudilia. Akaingia.

Mu gazeti kulikuwa bulusi yake nyeupe ya Kinshasa, lile vazi refu la kuvaa mbele ya reakta. Nilikuwa ninaisikia tu, sikuionaka. Ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa ya zamani, mufuko umoja umeliwa na nondo, mais kola ilikuwa imesimama. Alisema jina ya Masika imeenda Kinshasa. Ndege itamuchukua ku kiwanja cha Rughenda, kisha nyingine itamuvusha mupaka Kinshasa, na yeye anataka aingie kule na hii. Niipunguze kwa mwili wake.

Nilimupongeza. Nilisema ile jaribu ya ku mutoni ilikuwa kali, hata mimi nilidanganyika.

Aliweka kofia ku magoti.

"Batu banasema nilimujaribu," alisema. "Sikumujaribu. Ule kijana sikumuona. Macho yangu hayakumuona. Ningekuwa ku ile vanne, ningefungua."

Niliacha kukunjua kitambaa. Inje moto-taxi moja ilipita na muziki wake wa Lingala, kisha ikanyamaza kule chini. Uso wake haukuwa wa mutu mwenye anaungama. Alikuwa kama mutu mwenye alichimba visima maisha yake yote na siku moja, wakati ameacha jembe, akasikia miguu yake inalowana.

Alisema: "Nilikosea, na kazi haikukosea. Unaelewa? Bakijenga ile reakta kubwa, mimi sasa nitalala."

Nilisema ninaelewa. Ninazania nilielewa.

Aliamuka, akatandika bulusi ku meza yangu, akapitisha kidole ku mikono ya ile nguo. Masika ni binti, alisema, mikono ya mwanaume itamuzidi. "Ku mikono unakata kiganja kizima, unapinda."

Nilishika chaki. Maneno yalikuwa yameisha kufika ku meno: ku mikono ninakata kiganja kizima, ninapinda. Mais nilikuwa nimemupima Masika wakati wa basalopette, na ninajua mikono ya ule mutoto. Ni mirefu kama ya mutu wa kuchuma parachichi bila ngazi. Niliangalia macho ya Mwalimu. Sikuweza kujua kama eko ananijaribu ao eko anakosea, na nikaona ile haibadilishi kitu.

"Hapana, Mwalimu," nilisema. Sauti ilinitoka nyembamba kama uzi. "Masika eko na mikono mirefu. Nikikata, itamufika hapa."

Nilimuonyesha fasi ku mukono wangu mwenyewe.

Alisimama wima. Aliweka mikono yake miwili nyuma ya mugongo, mbali na kitambaa, vile Masika alifanya ku vanne.

"Mama mushonaji hakati mikono," alisema, neno kwa neno, na alikuwa anasikia. "Mikono inabakia vile iko."

Kisha akangojea, kofia chini ya kwapa, mupaka nikakanyaga mashini yangu ya kushona.